Kumzindua mgonjwa wa jicho: usiharakishe neostigmini

Jicho lililochanika haliruhusu mgonjwa atikisike hata kidogo mpaka uzi wa mwisho ukatwe. Ndiyo maana upasuaji huisha mara nyingi misuli ikiwa bado imelegezwa kabisa na dawa, na hapo ndipo haraka huponza.

Neostigmini, dawa ya kurudisha nguvu ya misuli iliyolegezwa, ina kikomo. Ulegevu ukiwa wa kina, kuongeza dozi hakusaidii. Subiri kifaa cha kushtua neva kionyeshe mishtuko 4 ya kidole gumba kwa mipigo 4 ya umeme (2 ni kiwango cha chini kabisa), kisha toa miligramu 0.05 kwa kila kilo pamoja na atropini 0.02, inayozuia mapigo ya moyo yasishuke. Mtu wa kilo 60 anapata neostigmini miligramu 3 na atropini 1.2. Usivuke miligramu 5 za neostigmini. Nguvu yake hukamilika baada ya dakika 10 hivi, kwa hiyo endelea kumpumulisha na usifunge gesi ya usingizi mapema.

Bandika elektrodi za kifaa hicho kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo, kabla mkono haujafunikwa kwa mashuka. Usiziweke usoni: misuli ya nyusi hurudi mapema na itakudanganya.

Kwenye upasuaji wa makengeza, hasa kwa watoto, kuvuta misuli ya jicho hushusha mapigo ya moyo, na neostigmini hushusha vilevile. Usiidunge kabla daktari hajaachia msuli. Wako wanaoogopa atropini kwa mgonjwa wa glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho); dozi hii ya mshipani haina shida, mradi aendelee na matone yake. Kuinyima ndiko kunakohatarisha moyo.

Ukiwa na sugamadeksi, dawa nyingine ya kuondoa ulegevu, miligramu 2 kwa kilo zinatosha mishtuko 2 ikirudi. Ulegevu wa kina unahitaji 4. Ila kati ya dawa za kulegeza misuli, haifanyi kazi kwa atrakuriamu, ni kwa rokuroniamu na vekuroniamu tu.

Nyonya makohozi angali usingizini. Lignokaini (dawa ya ganzi) miligramu 1.5 kwa kilo mshipani, dakika 2 kabla ya kutoa tyubu ya kupumulia, hupunguza kikohozi. Lakini haimfai mgonjwa ambaye misuli haijarudi: koo lake huziba, hewa chafu hujaa mwilini, mishipa ya ndani ya jicho hutanuka na presha ya jicho kupanda. Kuinua kichwa sekunde 5 si uthibitisho. Kama kifaa chako kinapima uwiano wa mshtuko wa nne kwa wa kwanza, toa tyubu ukifika 0.9.