Maswali ya Wasomaji: Prosesa ya pili kwenye ruta, nitajuaje kama itashika kweli?

SWALI: Habari za kazi. Ruta yetu kubwa ina prosesa mbili (zile kadi zinazoiongoza), moja inapiga kazi nyingine inasubiri. Tangu ifungwe hakuna aliyewahi kujaribu kama ya pili itashika ya kwanza ikifa. Bosi anasema taa za kijani zinawaka zote mbili basi yatosha, ila mimi sina amani. Nikitaka kuijaribu naanzia wapi, nichomoe tu kadi? – Fundi wa zamu ya usiku

JIBU: Salama kabisa, na una haki ya kukosa amani. Taa ya kijani inakwambia kadi imewaka, basi. Haikwambii kama imeshapokea konfigi (mipangilio ya ruta) na hali yote ya kazi kutoka kwa mwenzake, na hicho ndo kitu unachokitafuta.

Usichomoe kitu kwanza. Kama ni ruta ya Cisco inayotumia programu ya IOS andika "show redundancy states" uangalie mwenzake yuko hali gani. Ikisema STANDBY HOT uko vizuri, ikisema STANDBY COLD ujue siku ya tatizo ile ya pili itaanza kujipanga upya na kadi za laini (zile zinazoingia kebo za wateja) zitajiributi, yaani zitajizima na kuwaka upya, na wateja wako watakaa dakika kadhaa hawana kitu. Mara nyingi sababu ni kwamba programu ya prosesa moja ni toleo tofauti na ya mwenzake, mtu aliapdeti moja akasahau nyingine. Kwenye ruta ya Juniper unaingia kwenye prosesa ya akiba unaandika "show system switchover", unataka uone Ready. Na hakikisha zote mbili zimewekewa kuwaka na faili lile lile la programu, manake kwenye Cisco ile inayoachia kazi inajiributi, sasa ikiwaka na toleo la zamani inarudi ikiwa COLD na wewe unadhani jaribio limefaulu.

Siku yenyewe omba muda wa matengenezo, hifadhi konfigi na nakala nyingine uiweke nje ya ruta, halafu chomeka kebo ya konsoli (ile ya kuingia moja kwa moja bila kupitia mtandao) kwenye prosesa ZOTE mbili, kwa sababu SSH yako, yaani kule kuingia kwa mbali kupitia mtandao, itakatika pale pale na usipokuwa na konsoli utabaki unakisia tu.

Kupima ndo watu wengi wanakosea. Wanapiga pingi (pakiti ndogo ya kuuliza "upo?" na kusubiri jibu) kwenye anwani ya ruta yenyewe, wakati anayejibu pingi hiyo ni prosesa unayoihamisha, kwa hiyo zinapotea hata kama trafiki ya wateja inapita bila shida. Weka kompyuta upande huu na nyingine upande wa pili wa ruta, pingi ipite katikati, 5 kwa sekunde. Zikipotea 15 basi njia ilikatika kama sekunde 3, hesabu rahisi hiyo na hata bosi ataielewa.

Halafu waangalie majirani wako wa BGP, yaani ruta zinazobadilishana njia na yako. Ruta inaweza kuendelea kupitisha pakiti vizuri tu lakini jirani akaona kikao kimekatika akafuta njia zako zote. Kama unategemea graceful restart (jirani anazishikilia njia zako kwa muda wakati unajipanga upya) basi na jirani lazima awe ameikubali, na makubaliano hayo yanafanyika kikao kinapofunguliwa, ukiiwasha leo kwenye kikao kilichofunguliwa zamani haisaidii mpaka kifunguliwe upya. Kama una BFD (ujumbe wa haraka haraka wa kupima kama jirani yuko hai) ya milisekunde 50 mara 3, na inaendeshwa na prosesa yenyewe, jirani anakutangaza umekufa baada ya milisekunde 150 tu, kabla prosesa ya pili haijashika chochote. Hii nimeona inawaumiza mafundi wazuri kabisa, kila kitu kimewekwa sawa ila BFD inaharibu.

Sasa hamisha kwa amri: "redundancy force-switchover", au kwa Juniper "request chassis routing-engine master switch". Ikipita, subiri ile ya kwanza irudi mpaka STANDBY HOT, usiwe na haraka, ukirudisha kazi wakati bado inawaka hakuna wa kuipokea. Kisha rudisha, ili ujue pande zote mbili zinashika. Kuchomoa kadi ndo kunafuata mwisho, na soma kwanza kitabu cha mtambo kama inaruhusiwa ikiwa inawaka. Usiliruke hili, maana amri inampa mwenzake taarifa, hitilafu ya kweli haitoi taarifa.

Na rudia jaribio kila mkibadilisha toleo la programu.

SWALI: Sisi tuna ruta mbili na VRRP, prosesa mbili za nini tena?

JIBU: VRRP inafanya ruta mbili zishirikiane anwani moja, hivyo inawalinda watumiaji wasipoteze geti lao (anwani ya kutokea nje), hapo sawa. Ila angalia laini zako, kama kuna laini inayoingia kwenye ruta moja tu, ruta hiyo prosesa ikifa laini inalala nayo na ile ruta ya pili haina la kufanya. Laini ya namna hiyo ndo inahitaji prosesa mbili.