Mimi mkimya, nimepelekwa mauzo, nitaweza kweli?

Swali: Habari dokta, nina miaka 27, kazini wamenitoa stoo wamenipeleka mauzo. Mimi sio mtu wa watu kabisa, hata kikao cha harusi nikikaa masaa mawili nimechoka, nataka nyumbani. Wenzangu wanasema muuzaji lazima awe muongeaji. Hii tabia inabadilika au ndo nimezaliwa nayo?

Jibu: Karibu mdogo wangu. Kwanza nikuulize, kwenye hicho kikao unaogopa watu au unachoka tu? Watu wanachanganya sana haya mambo na wanaumizana bure. Anayeogopa moyo unamwenda mbio, anawaza watamuonaje, huo ni wasiwasi na unatibika. Anayechoka tu haumwi chochote, ni introveti, na yule ambaye shughuli imeisha saa nane usiku bado anauliza sasa tunaenda wapi, huyo ni ekstroveti. Majina hayo aliyaeneza Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, mwaka 1921, baadae mwanasaikolojia Hans Eysenck akasema ubongo wa mkimya tayari uko macho sana kwahiyo kelele kidogo tu zinamtosha, ila siku hizi wataalamu wengi wanaangalia zaidi raha anayoipata mtu, yani ekstroveti akikutana na watu wapya au akisifiwa anasisimka kuliko wewe ndo maana anazitafuta hizo nafasi kila siku.

Kuhusu kuzaliwa nayo, tafiti za mapacha zinaonyesha kama nusu ya tofauti kati ya watu inatokana na kurithi, iliyobaki ni maisha yenyewe. Na wengi wetu tuko katikati, sio huku wala kule.

Sasa mauzo. Mwaka 2013 mwanasaikolojia Adam Grant kule Marekani aliwafuatilia wauzaji 340 wa kwenye simu, na walioingiza hela nyingi hawakuwa waongeaji kupindukia, walikuwa hao wa katikati, wanaongea lakini na kusikiliza wanasikiliza. Kwahiyo usijilazimishe kuwa mpiga domo, wewe umetoka stoo, mzigo unaujua, muulize mteja anahitaji nini halafu nyamaza umsikie. Wateja wagumu waweke asubuhi ukiwa na nguvu, mmoja akiondoka jitenge hata dakika kumi. Na vikaoni wahi, salimia wazee, toa mchango wako, aga uondoke, hujamkosea mtu.

Ila kama jibu la swali langu ni kuogopa, niandikie tena mapema, usisubiri mpaka uanze kukwepa simu za wateja.