Barua kwa binti yangu: Sensa haimjui mzee wenu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Mama yako anakusalimu na anadai picha za wajukuu, mimi nimekaa kukujibu swali lako.

Unasema mzee mwenzangu, baba wa mumeo, anashikilia kwamba mmoja wa mababu zake alikuwa Mweusi huru kule Virginia na alipigana vita vya uhuru wa Marekani. Wewe ukaingia mtandaoni kumtafuta kwenye sensa ya 1790, hukumwona, na sasa mashemeji wanasema hizo ni hadithi za mzee tu. Unauliza: kama sensa haimjui, alikuwepo kweli?

Waambie mashemeji wapoe. Madaftari ya sensa ya 1790 ya Virginia hayapo. Yalipotea zamani, na ya 1800 karibu yote yalipotea vilevile. Unachokiona kimechapishwa mahali pake ni orodha za jimbo na za kodi za miaka ya 1780, wala hazikugusa kaunti zote. Na hata kama madaftari yangekuwepo, sensa ile iliandika jina la mkuu wa kaya peke yake, kisha safu tano za hesabu: wanaume weupe huru wa miaka 16 na zaidi, wavulana weupe wa chini ya hapo, wanawake weupe huru, watu wengine wote walio huru, na watumwa. Mke na watoto wa babu yenu wangekuwa tarakimu kwenye safu ya nne. Yeye mwenyewe, kama alikuwa kibarua anayelala kwa mtu, angekuwa tarakimu pia.

Unajua nimekaa masjala ya mahakama mpaka nikastaafu. Kazi ile ilinifunza kwamba karani haandiki ili mjukuu asome. Anaandika kwa sababu kuna kodi inadaiwa, kuna deni, kuna ugomvi, kuna mtu anaomba malipo. Tangu mlipotupeleka kutembea Virginia na mimi nikaanza kufungua madaftari yao, nimeona makarani wa kule hawakuwa tofauti na sisi. Basi kila karatasi utakayoipata, kabla hujafurahia jina, jiulize nani alikuwa akimdai nani.

Usianzie kwa babu wa vita. Anza na mzee mwenyewe, kisha baba yake, kisha babu yake, rudi nyuma kizazi kwa kizazi. Wamarekani hufungua majina ya sensa baada ya miaka 72, kwa hiyo ya 1950 imekuwa wazi tangu Aprili 2022. Ya 1880 ni tamu kwa sababu inaeleza kila mtu ni nani wa mkuu wa kaya, na wazazi wake walizaliwa wapi. Ya 1890 isahau, iliungua Washington mwaka 1921, na yaliyobaki ni mabaki.

Kipimo cha kwanza cha dai la mzee ni mwaka 1850. Familia nyingi za Weusi wa Marekani hugonga ukuta kwenye sensa ya 1870, kwa sababu ndiyo ya kwanza iliyowaandika wote kwa majina. Mwaka 1850 na 1860 watumwa waliwekwa kwenye orodha yao ya pekee, chini ya jina la mmiliki: umri, jinsia, rangi, basi. Lakini mtu huru, mweusi au mweupe, aliandikwa jina, umri na mahali alikozaliwa. Ukiwakuta watu wa ukoo wa mumeo kwa majina kwenye daftari la watu huru la 1850, mzee hasemi ovyo. Usipowakuta, usikate tamaa siku hiyohiyo. Tafuta na tahajia nyingine. Karani aliandika alichosikia, na waliohojiwa wengi hawakujua kusoma wamrekebishe.

Kutoka 1850 kurudi nyuma, badala ya sensa tumia kodi. Virginia ina orodha za kodi ya mali binafsi kuanzia 1782, karibu kila mwaka. Mtoza kodi alipita, akaandika jina la mwenye kaya na wanaume wa kutozwa, na mara nyingi aliweka alama kando ya jina kuonyesha kwamba huyu ni Mweusi huru. Wengine waliandika hata tarehe waliyopokea taarifa. Majina yenye tarehe moja mara nyingi ni majirani, na jirani wa mwaka 1787 huwa shahidi wa ombi la pensheni la mwaka 1832. Waandike wote pembeni.

Halafu kuna kitabu ambacho, nilipokiona mara ya kwanza, nilinyamaza kidogo. Kuanzia 1793 sheria ya Virginia iliwalazimisha Weusi huru kujiandikisha kwa karani, na cheti kikaisha muda wake: kwa watu wa mjini kila mwaka, kwa watu wa mashambani kila miaka mitatu. Karani alimpima mtu kwa futi na inchi, akaandika rangi yake, umri, kovu juu ya jicho la kushoto, kidole kilichopinda, kisha sababu ya uhuru wake: amezaliwa huru, au ameachwa huru na fulani kwa hati ya mwaka fulani. Ilikuwa sheria ya kuwachunga watu. Lakini kwa sababu yake, leo unaweza kujua babu wa mumeo alikuwa mrefu kiasi gani, jambo ambalo mimi silijui kuhusu babu yangu mzaa baba.

Sasa mahakama, na hapa niruhusu nikae.

Watu wanadhani mahakama ya kaunti ya zamani ilishughulika na wezi na wauaji. Ilikuwa ndiyo serikali yenyewe: ilipanga kodi, ilisajili ardhi na wosia, ilitengeneza barabara, iliamua yatima alelewe na nani. Maskini asiye na ardhi wala kaburi lenye jina utamkuta pale, kwa sababu alidaiwa au aliitwa shahidi. Na shahidi alitaja umri wake, "miaka 45 au karibu na hapo". Kaunti ya Northampton, ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake, ina madaftari ya mahakama yasiyokatika tangu 1632.

Nikupe mfano wa mtu anayejulikana. Mwaka 1621 Mwafrika aliyeandikwa Antonio aliletwa Virginia kwa merikebu iliyoitwa James. Orodha ya wakazi ya 1625 inamtaja kwa jina na merikebu. Mkewe Mary alifika mwaka uliofuata kwa merikebu nyingine. Baadaye wakawa huru, naye akaitwa Anthony Johnson. Mwaka 1651 alipata ekari 250 Northampton kwa utaratibu wa ekari 50 kwa kila mtu aliyeletwa koloni. Mwaka 1653 moto ukawatia hasara, wakaenda mahakamani kuomba nafuu. Sasa kumbuka kodi ya kichwa, ile waliyoilipa hata wazee wetu chini ya Waingereza. Virginia tangu 1643 iliwatoza wanawake Waafrika kodi ya kichwa, wakati wake wa Kiingereza hawakulipa. Mahakama ikawasamehe kodi Mary na binti zake wawili maisha yao yote, na karani, katika kueleza sababu, akaandika kwamba wamekaa Virginia zaidi ya miaka thelathini. Umeona? Ombi la kodi limetupa mke, idadi ya mabinti na muda wa ukaaji.

Lakini daftari hilohilo litakuonyesha kwamba mwaka 1655 Johnson alishinda shauri dhidi ya jirani mweupe, na hukumu ikamrudishia Mwafrika mwenzake John Casor awe mtumishi wake maisha, ingawa Casor alisema muda wake wa mkataba ulikwisha zamani. Watu wa mitandaoni wanapenda kulichukua shauri hili kuthibitisha kila wanachotaka. Mimi nasema lisomwe pamoja na la 1670: Johnson alipokwisha kufa, jopo la Virginia liliamua ardhi yake irudi serikalini kwa sababu alikuwa Mweusi, kwa hiyo mgeni. Familia ilikuwa imeshahamia Maryland, na mwaka 1677 mjukuu wake alinunua ekari 44 huko, akaliita shamba Angola. Babu alikuja kwa jina la Kireno, mjukuu akaandikisha Angola kwenye hati ya ardhi. Hilo halimo kwenye sensa yoyote. Mwambie mzee ajiandae hivyo: madaftari ya mahakama hayachagui mambo ya kumpendeza mtu.

Kwa ukoo wenu, tafuta sana majina ya kina mama. Mwaka 1662 Virginia ilitunga sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake: mama huru, mtoto huru, mama mtumwa, mtoto mtumwa. Kwa sababu hiyo familia nyingi za Weusi huru wa zamani zilitokana na mwanamke huru, mara nyingi mtumishi mweupe wa mkataba aliyezaa na Mwafrika. Sheria ya 1691 ilimtoza mama faini na kumfunga mtoto kazini mpaka miaka 30. Amri hizo zimejaa kwenye madaftari: wasimamizi wa kanisa wanaagizwa kumkabidhi mtoto fulani wa fulani kwa bwana fulani mpaka umri wa kisheria. Ni mstari mmoja tu, lakini una jina la mtoto, la mama na la bwana. Kama jina la ukoo wa mumeo limetoka kwa mwanamke wa namna hiyo, utampata hapo.

Jihadhari na tarehe. Kabla ya 1752 mwaka wao ulianza Machi 25, kwa hiyo Januari 1731 ya daftari inakuja baada ya Desemba 1731. Ukisahau utamzalisha mtoto kabla ya ndoa ya wazazi wake na kuwatia aibu bure.

Kuna kaunti zisizo na bahati. Baadhi, kama James City na Gloucester, zilipeleka madaftari yao Richmond, mji mkuu wa Virginia, yahifadhiwe wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Aprili 1865 Richmond ikaungua. Ikiwa babu yenu ni wa huko, itabidi mtafute kaunti za jirani na kumbukumbu za jeshi.

Ya jeshi ndiyo niliyoyaweka mwisho kwa makusudi. Karatasi nyingi za Wizara ya Vita ziliteketea kwa moto Novemba 1800, kwa hiyo kutokuwepo jina kwenye orodha ya kikosi hakumaanishi mtu hakwenda vitani. Hazina yenyewe iko kwenye majalada ya pensheni. Mwaka 1818 Bunge la Marekani liliwapa pensheni askari wa jeshi la bara, yaani jeshi la taifa, waliotumikia angalau miezi tisa na walio maskini. Maombi yakawa mengi, na mwaka 1820 wakatakiwa kuthibitisha umaskini kwa kuorodhesha mali yao mbele ya hakimu: ng'ombe, sufuria ya chuma, viti, madeni. Sheria ya 1832 ikapanua mlango kwa aliyetumikia miezi sita na zaidi, hata wanamgambo. Mzee alisimama mahakamani akajibu maswali: ulizaliwa wapi na lini, uliishi wapi ulipoitwa, ulijitolea, uliandikishwa kwa lazima au ulikwenda badala ya mtu, maofisa wako nani, tangu vita umeishi wapi, nani jirani anakujua. Niambie mwenyewe ni sensa gani inauliza hayo.

Wajane nao walidai, na iliwabidi kuthibitisha ndoa. Wengine walichana ukurasa wa Biblia ya familia wenye majina ya watoto na tarehe za kuzaliwa, wakautuma Washington. Mpaka leo uko ndani ya jalada. Kwenye faharasa utaona herufi kabla ya namba: S ni askari mwenyewe, W ni mjane, R ni aliyekataliwa. Usizipuuze za R. Jehu Grant alitoroka utumwani Rhode Island mwaka 1777, akaendesha magari ya jeshi la Marekani karibu miezi kumi mpaka bwana wake alipomfuata na kumchukua. Alipoomba pensheni mwaka 1832, akiwa mtu huru, walimkatalia kwa sababu alitumikia akiwa mtoro. Pensheni hakuipata, lakini maelezo yake yamo humo yote.

Miti ya ukoo unayoiona mtandaoni, iliyojazwa na watu wa kila namna, ichukulie kama uvumi mpaka uone karatasi. Mmoja hukosea, mia wananakili. Majina kama John na William yalikuwa mengi kila kaunti, na mwenye jina la babu si lazima awe babu. Mtambue mtu kwa majirani, mke na kijito alichoishi kando yake.

Nakuomba mambo matatu kutoka kwa mzee: jina la kaunti ambayo bibi zake walikuwa wakiitaja, majina ya wanawake wa ukoo kadiri anavyoyakumbuka, na kama kuna Biblia ya zamani, nipigie picha kurasa za katikati. Nikishaijua kaunti nitaanza na orodha za kodi za 1782 mpaka 1800, wewe uanze na sensa ya 1850. Faharasa ya pensheni tutaipitia pamoja kwa simu Jumapili, saa yenu ya asubuhi, maana huku itakuwa jioni na umeme huwa upo.

Msalimie mumeo na wazee wote.

Baba yako, Tanga