Kivumbasha kimoja, harufu mbili: cheti cha maabara hakitaji spishi

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa Likoni, natoa mafuta ya kivumbasha kwa mvuke na kuyauza kwa chupa ndogo ndogo. Nina mashina ya namna mbili. Ya kwanza niliyachukua kwa nyanya yangu Kwale, yananukia karafuu. Ya pili niliyaletewa kutoka Taita, yananukia ajwaini. Majani na maua nayaona sawasawa. Nilipeleka mafuta kwa mtu mwenye maabara akanipa cheti: ya kwanza yujinoli imezidi nusu, ya pili thaimoli imezidi nusu. Anasema hizo ni spishi mbili, na hiyo ya Taita huenda haijapata kupewa jina. Nikiongeza pesa atapima nta ya majani athibitishe. Je, nilipe? Na kwenye chupa niandike jina gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usilipe.

Mafuta yako sina shaka nayo, na huenda mashine ya huyo bwana ilisoma vizuri tu. Kinachonikera ni mruko wa kutoka "yujinoli imezidi nusu" hadi "hii ni spishi nyingine". Barua za namna hii haziishi kunijia. Leo ni kivumbasha, kesho mrehani, kesho kutwa mkaratusi au ubani, na kila mara mtu ameshika karatasi ya maabara yenye vilima vya wino, kila kilima kikisimama kwa kemikali moja, amesoma jina la kilima kirefu kuliko vyote, akaligeuza kuwa jina la mmea.

Kivumbasha kile cha kichaka kirefu ambacho wengi wa pwani wanacho uani ni Ocimum gratissimum. Spishi hiyo inajulikana zamani kuwa na mashina ya yujinoli, mashina ya thaimoli na hata mashina ya geranioli yanayokaribia harufu ya waridi. Sisi tunayaita kemotaipu. Ni ndugu wa damu moja, nyuki akitoka kwenye hili huingia kwenye lile, na mbegu hupatikana. Kwa maelezo uliyonipa, ninachokiona hapo ni kemotaipu mbili za mmea mmoja. Aliyekuambia umegundua kitu kisicho na jina hakuwahi kukuuliza ua likoje.

Kosa lenyewe ni la kale na lina historia yake. Mwaka 1902 Richard Baker na Henry Smith, waliokuwa wakifanya kazi katika jumba la makumbusho ya ufundi mjini Sydney, walitoa utafiti mkubwa juu ya mikaratusi ya Australia na mafuta yake. Walipima spishi baada ya spishi kwa subira ya ajabu, na wakashikilia kuwa mafuta ya spishi moja hayageuki, kwa hiyo yafaa kuitambulisha kama lifaavyo jani au tunda. Kwa wakati wao ilikuwa dhana ya busara. Kisha mwaka 1927 Penfold na Morrison, wa jumba lilelile, wakaonyesha kwamba mkaratusi uitwao Eucalyptus dives una miti usiyoweza kuitenga kwa macho msituni, ila mmoja mafuta yake yamejaa piperitoni, inayonukia peremende, na jirani yake yamejaa sineoli. Tangu hapo imekuwa wazi kwamba kilima kirefu peke yake hakiamui kitu. Karibu miaka 100 imepita, na hapa Mombasa watu bado wanauziwa dhana ya 1902 kwa bei ya leo.

Mfano uliochunguzwa kwa kina zaidi ni wa zaatari ya Ulaya, Thymus vulgaris, kusini mwa Ufaransa. Kule kuna kemotaipu sita ndani ya spishi hiyo moja, na tofauti zao zinaamuliwa na jeni. Zile za thaimoli na kavakroli hupatikana zaidi mahali ambapo majira ya baridi si makali. Kwenye bonde la Saint-Martin-de-Londres, ambako hewa baridi hujikusanya usiku na kugandisha ardhi, utakuta zaidi zile za linaluli na wenzake. Ukisimama ukingoni mwa bonde lile, ndani ya mwendo mfupi wa miguu, harufu hubadilika chini ya viatu vyako na spishi ni ileile. Sasa mwambie yule bwana aende akawape majina mapya sita.

Ukipita uchochoro wa Mji wa Kale ukasikia harufu ya biriani, umejua kilichopikwa. Hujajua mpishi ni mtoto wa nani. Yujinoli na thaimoli zinapitia njia mbili tofauti za kemia ndani ya tezi za jani, na mmea mmoja unaweza kuwa na uwezo wa kuzifuata zote. Badiliko katika jeni chache latosha kuifungua njia moja na kuibana nyingine. Badiliko dogo kama hilo laweza kugeuza mafuta yote, lakini halitoshi kutenga koo mbili za mimea.

Na upande wa pili wa shilingi ndio unaosahaulika kabisa. Thaimoli hiyohiyo ya Taita ndiyo inayoipa ajwaini harufu yake, na ajwaini ni jamaa wa bizari nyembamba na giligilani, familia iliyo mbali kabisa na ya kivumbasha. Sitrali ya mchaichai, ambao ni nyasi, imo pia kwenye mrehani wa limau. Kwa hesabu ya cheti chako, mchaichai na mrehani huo wangekuwa mtu na nduguye. Mimea mingi isiyohusiana imefika kwenye kemikali moja kila mmoja kwa njia yake.

Hata ndani ya mti mmoja mambo hayatulii. Mdalasini wa Sri Lanka, gome lake hutoa mafuta yaliyojaa sinamaldehidi, jani lake hutoa yujinoli, na gome la mzizi wake hutoa kafuri. Mti mmoja, mafuta matatu. Ongeza umri wa jani, mvua na kiangazi, kukausha, na muda uliouacha mtambo motoni. Ongeza pia ujanja wa asilimia zenyewe: zinalazimishwa zijumlike 100, kwa hiyo kitu kimoja kikipanda, vingine vyote vinaonekana vimeshuka hata kama mmea haukupunguza chochote. Anayelinganisha asilimia mbili bila kujua haya analinganisha hewa.

Usinielewe vibaya, kemia ya mimea ndiyo kazi yangu, na pale inapotumiwa kwa adabu imemaliza mabishano makubwa. Huko California kuna misonobari miwili, Pinus jeffreyi na Pinus ponderosa, inayofanana hata wazoefu huichanganya. Utomvu wa ponderosa una terpini, kemikali za harufu zilizo za kawaida kwa misonobari. Wa jeffreyi, sehemu yake inayoruka hewani karibu yote ni heptani, kitu kinachopatikana ndani ya petroli. Watengeneza tapentaini wa karne ya 19 waliochanganya miti hiyo bila kujua walilipukiwa na mitambo. Hapo kemikali inatenga kwelikweli, kwa sababu tofauti hiyo imeshikilia mti baada ya mti, mahali baada ya mahali, na inakwenda pamoja na koni, gome na mbegu. Au chukua mwerezi mwekundu wa mashariki mwa Marekani, Juniperus virginiana. Wengi waliamini kwamba huko Texas unazaana na Juniperus ashei na kuzaa machotara. Mwaka 1969 Flake, von Rudloff na Turner walichukua majani ya miti mingi kwenye mstari wa kutoka Texas hadi karibu na Washington, wakapima terpini nyingi kwa pamoja, wakakuta mabadiliko ya polepole kadiri unavyosafiri, bila alama ya damu ya ashei. Angalia walivyofanya: miti mingi, vituo vingi, kemikali nyingi. Wewe una chupa mbili.

Sasa hiyo nta. Inaonekana huyo bwana amesikia kuwa nta ni imara kuliko mafuta, na nusu ya habari hiyo ni kweli. Ngozi ya jani imepakwa nta isiyoruka hewani, na ndani yake mna alkani, minyororo mirefu ya kaboni. Mmea huijenga kutokana na asidi za mafuta zenye kaboni za hesabu shufwa, kisha hupoteza kaboni moja, ndiyo maana kwenye majani hutawala witiri: 27, 29, 31, 33. Kwa kuwa haziruki, hata jani lililokaa hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, miaka mingi laweza kupimwa. Mwaka 1962 Geoffrey Eglinton na wenzake wa Glasgow walipima nta za mimea ya jamii ya Aeonium kutoka visiwa vya Kanari, wakaona mpangilio wa minyororo hiyo unasaidia kuyatenga baadhi ya makundi. Ni kazi nzuri, na walipima spishi nyingi za jamii moja kwa pamoja ndipo wakasema neno.

Lakini nta nayo hubadilika kwa umri wa jani, jua na ukame, na spishi nyingi mno zina mpangilio unaofanana. Alkani ya 31 ikitawala kwenye jani lako, wanaofanana nawe ni umati. Halafu kuna uchafu. Nta hutolewa kwa kuchovya jani bichi kwenye heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, kwa sekunde chache bila kulisaga. Jani la kivumbasha limejaa tezi za mafuta juu ya ngozi yake, na heksani huzipasua palepale, kwa hiyo kinachotoka ni nta na mafuta pamoja, na lazima vitengwe kwanza. Muulize atavitenga kwa nini. Akibabaika, umeshapata jibu. Majani yaliyochumwa kando ya barabara yana moshi wa dizeli wenye alkani zake. Yaliyoshikwa kwa mikono mitupu yana mafuta ya vidole. Yaliyowekwa karibu na mshumaa au kufungwa kwa utepe wa parafini yana nta ya petroli, ambayo hujisaliti kwa sababu shufwa na witiri zake zinakaribia kulingana. Niliwahi kuonyeshwa grafu iliyosifiwa kuwa "nta ya mmea wa dawa", nayo ilikuwa parafini tupu.

Kwa hiyo fanya hivi, na karibu hakuna gharama. Subiri maua yaanguke, kisha tazama kikombe kidogo kilichobaki kwenye kila ua. Kwa Ocimum gratissimum mdomo wa chini wa kikombe hujibana juu hadi kinywa kikafungika. Kwa mrehani wa kawaida na jamaa zake wa karibu kinywa hubaki wazi. Tia mbegu kwenye maji: za mrehani hufura ute mara moja, ndizo tukmaria tunazozijua kwenye faluda, lakini za gratissimum ute wake ni kidogo sana. Mashina yako ya Kwale na ya Taita yakijibu kama gratissimum kwa yote mawili, una spishi moja. Ukitaka jina lenye muhuri, kandamiza tawi lenye maua na mbegu kati ya magazeti hadi likauke, andika mahali, tarehe na aliyelichuma, ulipeleke kwenye hebaria ya Makumbusho ya Taifa kule Nairobi. Bila tawi hilo lililohifadhiwa, cheti chochote cha mafuta ni kama kiapo kisicho na shahidi. Hakuna atakayeweza kurudi kuhakiki mmea uliopimwa ulikuwa upi. Maabara ya kweli huliomba tawi kabla ya kuomba pesa.

Kwenye chupa andika Ocimum gratissimum ukishaangalia vikombe, kisha uongeze "yujinoli" au "thaimoli", kwa sababu mnunuzi ana haki ya kujua yote mawili. Usizichanganye kwenye ndoo moja.

Na hapa niseme na wengine wote mnaonunua, maana mchezo huu una watu wengi kuliko huyo bwana mmoja. Mafuta yenye linaluli au yujinoli ya kiwandani iliyoongezwa yatapita kwenye cheti cha kilima kirefu bila kikwazo, kwani linaluli ya kiwandani nayo ni linaluli. Cheti kizuri huonyesha pia vilima vidogo, huorodhesha namba za kielezo za kila kimoja, yaani namba za mahali kilima kilipotokea, ambazo hupatikana kwa kupitisha ngazi ya alkani kwenye mashine hiyohiyo, na hutaja sehemu ya mmea iliyotumika. Kinachoorodhesha majina matano na alama za kulingana na maktaba ya kompyuta ni makisio ya mashine, na kompyuta haikosi kamwe jina la kutaja.

Linaloniogopesha zaidi ni jina moja kufunika dawa mbili. Kuna Ocimum kilimandscharicum, spishi nyingine kabisa, ambayo nayo sokoni huuzwa kama kivumbasha na mafuta yake mara nyingi yamejaa kafuri. Muuzaji husema "hii ni ileile ya bibi, ina nguvu zaidi tu", na mama anampa mtoto mwenye mafua tone kwenye kijiko. Kafuri ikimezwa na mtoto huleta degedege, na huanza upesi. Mafuta yoyote ya kivumbasha, ya harufu yoyote, yasiingie kinywani mwa mtoto wala yasipakwe puani mwake. Aliyekwisha kunyweshwa asitapishwe. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na chupa iende naye.