Timu ya zamu si kamati

Mwanangu,

Unauliza mbona manesi walewale wanaochapa kazi wodini, wakiingia kwenye kamati ya kuboresha huduma wanakaa kimya na miezi inapita bila jambo kukamilika. Usikimbilie kusema ni wavivu. Umewaweka kwenye timu za aina mbili, na kila moja inakwama kwa sababu yake.

Wodini ni timu ya zamu. Mkuu ni mmoja, kazi inajulikana. Udhaifu wake uko kwenye makabidhiano: nesi anajaza ripoti dakika za mwisho kwa kukumbukakumbuka, anaiacha mezani, anaondoka. Sindano ya saa 12 ilichomwa lakini haikuandikwa, anayeingia anaichoma tena. Au kila mmoja anadhani mwenzake ameshaichoma, na mgonjwa anaikosa. Kwa hiyo makabidhiano yafanyike kitandani, zamu zote mbili zikiwepo: hali ya mgonjwa, dawa aliyopewa na saa yake, majibu ya maabara yanayosubiriwa, na nani atayafuatilia. Anayepokea arudie kwa sauti alichoambiwa. Hapo ndipo makosa hukamatwa, kwa hiyo usikubali hatua hiyo irukwe hata wodi ikijaa.

Ipo na aina ya tatu, itakayokusaidia kulinganisha: chumba cha upasuaji ni timu ya muda. Watu hukutana kwa saa chache, kesho wanabadilika, na mdogo huogopa kumsahihisha daktari bingwa. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 ina vipengele 19 na vituo vitatu vya kusimama na kukagua: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua, na kabla mgonjwa hajatoka. Kipo kipengele cha kila mtu kutaja jina na kazi yake. Wengi hukiona cha kupoteza muda, lakini aliyekwisha kusikika mara moja husema upesi anapoona hesabu ya vitambaa vya kufutia damu haitimii.

Sasa kamati yako. Wajumbe wametoka wodini, maabara, famasia na uhasibu, na kila mmoja ana bosi wake ambaye hajamwachia hata saa moja. Akichagua kati ya kikao na foleni ya wagonjwa, atachagua foleni, na ana haki. Halafu mko 12: hizo ni jozi 66 za watu wa kuelewana. Mkibaki sita, zinakuwa 15. Na azimio la “wajumbe wafuatilie” halina mwenyewe. Liandike kwa jina la mtu mmoja na tarehe.

Kabla ya kikao kijacho mwombe mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali yenu, barua kwa wakuu wa idara, itaje siku na saa ambazo mjumbe ameachiwa. Asipoitoa, bakizeni kazi moja tu, kama muda wa mgonjwa kusubiri dawa dirishani. Mpime wiki mbili kabla ya kubadili chochote, mpime tena wiki mbili baada ya hapo.

Mama yako