Ribe kwa siku moja: anzia mtoni

Mkuu, umesema uko Esbjerg, Denmark, kwa mafunzo na una Jumamosi moja tu ya kupumua, unauliza ukatembelee Ribe au ukimbilie Copenhagen. Nenda Ribe. Copenhagen ni karibu saa tatu za treni kwenda tu. Ribe ni kama nusu saa.

Nimefika mara mbili. Mara ya kwanza nilitoka stesheni moja kwa moja hadi kanisa kuu, picha mbili tatu, kahawa, nikarudi. Mji mzuri, ila sikuambulia kitu. Mara ya pili nilianzia Skibbroen, gati la zamani mtoni.

Pale kuna nguzo ya mbao yenye pete zinazoonyesha maji yalifika wapi katika kila gharika. Ya juu kabisa ni ya Oktoba 1634. Mimi mtoto wa Pangani, bamvua nazijua, lakini pete ile iko juu mno ya kichwa changu. Na bahari yenyewe huioni, iko kilomita kadhaa magharibi. Usiku ule dhoruba iliisukuma mpaka ndani ya kanisa.

Sasa ndiyo uende kanisani. Utashuka ngazi kuingia, kwa sababu ardhi ya mji imepanda, takataka na vifusi vya vizazi juu ya vizazi. Watu wanaishi hapo tangu karne ya 8, hakuna mji mkongwe kuliko huo Denmark. Mnara mmoja wa kanisa uliporomoka Krismasi ya 1283 watu wakiwa ibadani. Badala yake, mwaka 1333, ukasimama huu wa matofali, Borgertårnet, mnara wa wenyeji: walilindia mji humo na kupigia kengele ya hatari. Ngazi ni 248. Goti langu liligoma katikati, nikajifanya nasoma maandishi ukutani hadi bibi mmoja mwenye mkongojo akanipita. Ukifika juu utaona nchi ilivyo bapa kama sinia, na utajua kwa nini walihitaji kengele.

Nyuma ya altare kuna kazi za mchoraji Carl-Henning Pedersen za miaka ya 1980, rangi kali kwelikweli. Mimi nilizipenda, rafiki yangu alisema ni ukuta wa chekechea.

Pita pia mtaa wa Sønderportsgade. Kuna kibao cha Maren Spliid, mke wa fundi cherehani, aliyechomwa moto mwaka 1641 kwa tuhuma za uchawi. Sisi tuliosikia habari za vikongwe kuuawa kwa sababu ya macho mekundu hatuwezi kukipita haraka.

Vaa viatu vya soli nene, vichochoro vyote ni mawe. Kama ni majira ya joto, jioni mlinzi wa usiku hupita na taa yake akiimba na kusimulia, anaanzia uwanjani penye kanisa. Ila angalia kwanza saa ya treni ya mwisho. Mimi niliiangalia baada ya wimbo.