Unataka kumaliza Ironman? Jizuie, afu kula

Tangu nirudi kutoka kwenye mbio za Ironman kule Gqeberha, ile Port Elizabeth ya zamani ya Afrika Kusini, kila ninayekutana naye ananiuliza roho ngumu nimeitoa wapi, maana kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli 180 na bado ukakimbia marathoni nzima ya 42.2 siku hiyo hiyo wanaona ni mambo ya makomandoo. Mi najibu kuhusu kula na kujizuia, yaani kutokwenda kwa kasi, na naona wengine hawaridhiki kabisa, ila naomba mnisikilize. Mimi sio mwanariadha, ni mhasibu, mama wa watoto wawili, nakaa Dar, na watu wa kawaida niliokutana nao ambao wamemaliza mbio hizi, kila mmoja kwa maneno yake, wanarudi pale pale, yaani waliojizuia mapema na kula mapema ndio waliofika.

Anza na hesabu kwanza kabla hujajitisha. Muda wa mwisho kwa kawaida ni saa 17, kuogelea unapewa saa 2 na dakika 20, na baiskeli iwe imeisha saa 10 na nusu tangu ulipoanza. Sasa chukua mtu wa taratibu kabisa, anatoka majini kwa saa 1 na dakika 45, anaendesha baiskeli saa 8, hiyo ni spidi ya kilomita 22 na nusu kwa saa, kwenye kubadilisha nguo mara mbili anatumia dakika 20. Jumla saa 10 na dakika 5. Amebakiwa na karibu saa 7 za kumaliza kilomita 42, yaani kama dakika 10 kwa kila kilomita, na hiyo unaifanya kwa kukimbia taratibu na kutembea haraka kwa kupokezana. Mzee Hiromu Inada wa Japani alimaliza mashindano ya dunia kule Kona, Hawaii, mwaka 2018 akiwa na miaka 85, kwa saa 16, dakika 53 na sekunde 49, na huyo triathloni, yaani huu mchezo wa kuogelea, baiskeli na kukimbia, aliianza akiwa ameshastaafu. Kwa hiyo spidi sio tatizo lako, tatizo ni kuhakikisha mwili unakuwa bado unafanya kazi saa ya 13, ya 14, ya 15.

Na hapo ndipo baiskeli inapowaua watu. Ukitoka majini una furaha, umevuka kile ulichokiogopa miezi yote, miguu mipya, watu wanashangilia barabarani, unaona kila mtu anakupita na roho inakutuma umfukuze. Usimfukuze! Gqeberha wenyeji wanaiita mji wa upepo na wana haki, kuna sehemu upepo unakuja usoni kutoka baharini unahisi umesimama, na ukipambana nao kwa nguvu unalipa baadaye kwenye marathoni. Kuna jamaa kutoka Nairobi tulikaa hoteli moja, mwendesha baiskeli mzuri kuliko mimi mara mbili, alipita kwa kasi nikamwona mgongo tu, jioni nikamkuta kilomita ya 12 ya kukimbia amekaa pembeni ya barabara, tumbo limekataa kila kitu, hata maji. Na kuna mama mmoja nesi wa Mombasa, ana miaka 50 na kitu, alipitwa na watu siku nzima kwenye baiskeli wala hakujali, usiku aliwapita karibu wote huku anatembea na kukimbia. Kipimo chake ni rahisi na ndicho ninachotumia mimi pia, kama huwezi kuongea sentensi nzima bila kuhema basi umezidisha, punguza gia, hata kama ni mlimani, hata kama mtu ana tumbo kubwa anakupita, hasa huyo mwenye tumbo maana hujui yeye amejipangia nini.

Usijifiche nyuma ya baiskeli ya mtu kukwepa upepo, sheria inataka mita 12 kati yenu na adhabu yake ni kusimamishwa dakika 5.

Sasa kula. Mwili unatunza wanga kidogo sana kwenye misuli na ini, akiba inayotosha kama saa 2 au 3 za kazi nzito, na we unaenda kufanya kazi karibu siku nzima. Mafuta ya mwili yapo mengi, hata mtu mwembamba anayo, lakini yanaungua taratibu na ukienda kwa nguvu mwili unataka wanga. Ikiisha imeisha, kichwa kinakuwa kizito, miguu haisikii, unaanza kulia bila sababu. Kuishiwa njiani ni jambo la zamani kama mbio zenyewe, ile ya kwanza kabisa kule Oahu, Hawaii, Februari 1978, walianza watu 15 wakamaliza 12, na yule John Dunbar alikuwa anaongoza baada ya baiskeli, afu watu wake wa kumsaidia wakaishiwa maji wakawa wanampa bia, Gordon Haller akampita akashinda kwa saa 11 na dakika 46. Dunbar alikuwa mwanajeshi wa kikosi maalum cha majini, roho ngumu alikuwa nayo ya kutosha kabisa, alichokosa ni maji.

Kwa hiyo lenga gramu 60 za wanga kila saa ukiwa kwenye baiskeli, ukizoea unaweza kufika 90 kama umechanganya glukosi na fruktosi, zile aina mbili za sukari, maana glukosi peke yake utumbo unachoka kuipokea ikifika kama gramu 60. Ndizi mbivu moja ya kawaida ina kama gramu 25, jeli moja, ile pakiti ndogo ya wanga ya kunyonya, vilevile kama 22 hadi 25. Mi natumia ndizi, tende, viazi vitamu vya kuchemsha vyenye chumvi kwa saa za mwanzo ambapo tumbo bado limetulia, afu jeli na kinywaji baadaye, na kwenye kukimbia mwishoni kabisa soda iliyotolewa gesi ndiyo inayonifikisha. Saa yangu ya mkononi inalia kila dakika 20, ikilia nakula, nisiposikia njaa nakula, nikiwa na furaha nakula. Ukisubiri njaa umeshachelewa.

Tumbo linafundishwa jamani. Usiende na jeli mpya uliyopewa bure kwenye maonyesho ya siku moja kabla. Kila safari ndefu ya baiskeli kula kile kile utakachokula siku ya mbio, kiasi kile kile, na jua likiwaka. Na maji matupu yasizidi, hili wengi hawalijui kwa sababu tumeambiwa tu kunywa maji kunywa maji, ukijijaza maji bila chumvi kwa saa nyingi sodiamu kwenye damu inashuka na hiyo ni hatari ya kweli, mtu anavimba vidole, anachanganyikiwa, anaweza kupoteza maisha. Kunywa kwa kiu, weka chumvi.

Kuhusu maji ya kuogelea sasa, maana najua ndipo wengi wetu tunapokwama, hata sisi tuliozaliwa pwani, na hasa wanawake. Nilijifunza kuogelea nikiwa mtu mzima na nakuambia inawezekana, ila tafuta kochi, usijifundishe kwa video tu. Kitu kikubwa ni kutoa pumzi ukiwa uso uko ndani ya maji, watu wanabana pumzi afu wakiinua kichwa wanataka kutoa na kuvuta kwa pamoja, hapo ndipo hofu inapoingia. Bwawani ukishaweza kilomita 2 bila kusimama nenda baharini, lakini usiende peke yako na usiende bila boya la rangi kali lililofungwa kiunoni. Huku Oysterbay sisi tunaangalia ratiba ya maji kwanza, tunaingia yakiwa yamejaa, maji yakipwa unakutana na miamba na urchini wa baharini, wale viumbe wenye miiba, na siku za bamvua mkondo unakuwa mkali hata kwa waliozoea. Jifunze kuinua macho kila baada ya mikono kadhaa kuangalia boya la kuonyesha njia liko wapi, la sivyo utaogelea kilomita 4 na nusu badala ya 3.8.

Na tafadhali, kabla ya yote hayo nenda kwa daktari upimwe moyo. Vifo kwenye triathloni ni vichache lakini vingi hutokea majini, na wengi ni watu wa makamo waliojiona wazima. Ukisikia kifua kinabana majini, geuka chali, inua mkono, waokoaji wapo kwa ajili hiyo. Kushika mtumbwi wao kupumzika hukatazwi, ilimradi usisonge mbele nao.

Ghuba ya Algoa, kule Gqeberha tunakoogelea, ni baridi kwa mtu wa Dar, nyuzi 18 hadi 20 hivi, kwa hiyo utavaa wetsuti, lile suti la mpira, na mara ya kwanza linakubana kifua unahisi unakufa. Livae mapema, liogelee hata kama ni bwawani kwa dakika chache kabla hujachemka, na ukifika kule ingia baharini siku mbili tatu kabla ya mbio. Shingoni, kwapani na mapajani paka mafuta ya mgando mengi, kuchubuka kwa chumvi halafu ukimbie marathoni hakuna anayestahili mateso hayo.

Mazoezi ya baiskeli kwetu ni barabara ya Bagamoyo, tunatoka saa kumi na moja alfajiri kabla ya malori na bodaboda, kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 120. Taa mbele na nyuma, helmeti, tyubu mbili, pampu, na ujue kuziba pancha mwenyewe maana siku ya mbio usitegemee fundi pembeni ya barabara. Mara moja kwa wiki ukishuka baiskeli vaa viatu ukimbie hapo hapo hata dakika 20, ili miguu izoee ule uzito wa ajabu.

Ila mazoezi yanaibiwa kutoka mahali, na mahali penyewe ni nyumbani. Saa 10 hadi 15 kwa wiki ni muda wa mtu. Mimi na baba watoto tulikaa chini tukapanga kabla sijalipa ada ya kujisajili, Jumamosi asubuhi ni yangu, Jumapili yote ni ya familia, na msiba au mtoto akiumwa mazoezi yanasimama bila mjadala. Nimeona ndoa zikiingia ufa kwa sababu ya hizi baiskeli, naongea kwa uchungu kabisa, zungumzeni mapema.

Kama unaanza, usirukie umbali mzima. Nenda Rubavu nchini Rwanda kwenye ile nusu, inayoitwa 70.3 kwa jumla ya maili zake, ipo tangu 2022, kuogelea kilomita 1.9 ndani ya Ziwa Kivu, baiskeli 90, kukimbia 21.1. Ni karibu na sisi, Goma iko ng'ambo tu ya mpaka na Kiswahili utakisikia mpaka uhisi uko nyumbani. Kumbuka tu ziwa lenyewe liko mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari, sisi wa Dar pumzi inakata, fika mapema kidogo na punguza spidi yako uliyoizoea. Ukimaliza pale salama jipe miezi isiyopungua sita ndo ufikirie umbali mzima.

Siku ukimaliza, vaa nguo kavu haraka maana mwili unapoa ghafla, kula kitu cha chumvi hata kama hutaki, na ndege ya kurudi usikate ya kesho yake alfajiri, kushuka ngazi tu utahitaji kushikwa mkono. Wiki mbili usikimbie. Ogelea taratibu, tembea, lala. Na hizo wiki mbili usijisajili mbio nyingine, subiri mpaka umeshakaa na watu wa nyumbani mkaangalia kalenda pamoja.